Naomba ushauri: mtoto alibatizwa kwa dharura, arudiwe au akamilishiwe tu?

Tumsifu Yesu Kristo. Mtoto njiti alibatizwa wodini na bibi yake, sasa amepona. Kawaida haturudii maji, maana ubatizo haufutiki: analetwa kanisani, anapakwa mafuta matakatifu ya Krisma, anavikwa vazi jeupe, anapewa mshumaa, anaandikwa kitabuni. Penye hatari ya kifo yeyote anaweza kubatiza, ilimradi anakusudia kutenda kile Kanisa linachotenda.

Ila bibi alichovya kidole kwenye kikombe akampaka mtoto kwenye paji la uso, wakati maji yanatakiwa yatiririke. Tena hakumbuki kama alisema "Nakubatiza" au "Tunakubatiza". Hiyo "tu-" ya wingi si jambo dogo; mwaka 2020 Roma ilitamka kwamba ubatizo wa "Tunakubatiza" ni batili. Shahidi mmoja wa kuaminika angetosha (Kanuni 876 ya Sheria ya Kanisa), lakini muuguzi aliyekuwepo amehama na simu yake haipatikani.

Kwa kuwa shaka imebaki, naona Kanuni 869 inatupeleka kwenye ubatizo wa sharti, "Kama hujabatizwa, nakubatiza...", bila shamrashamra nyingi. Wazazi wanataka wa kawaida, na wageni wameshaalikwa. Makatekista wenzangu, mnawaelezaje wazazi? Na kitabuni mnaandika tarehe ipi, ya wodini au ya kanisani?