Naomba ushauri: niweke amri ya kuuza hisa bei ikishuka, au niache?

Mtunzahisa:
Wakuu, habari zenu. Nina hisa kidogo nilizonunua kwa ajili ya ada za watoto. Kaka yangu ananisihi niweke amri kwa dalali: bei ikishuka asilimia 5, ziuzwe zenyewe. Nilikuwa nakubali, mpaka niliposoma ya 23 Aprili 2013 Marekani. Nimecheka, kisha nikaingiwa na hofu.

Siku ile mchana akaunti ya Twitter ya Associated Press, shirika la habari, ilitangaza milipuko miwili Ikulu, eti Rais Obama kajeruhiwa. Mabomu ya Boston Marathon yalikuwa na wiki moja tu, watu bado roho juu. Kumbe akaunti imedukuliwa, Obama mzima wa afya! Kompyuta za soko, zinazouza zenyewe zikinasa habari, hazikungoja mtu apige simu Ikulu: Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, chini pointi zaidi ya 140, na baada ya dakika chache imerudi ilipokuwa. Ikafunga siku juu kwa pointi zaidi ya 150. Aliyekuwa msalani dakika zile alitoka akakuta mali yake iko vilevile, wala hajui kilichopita.

Sasa amri yangu si ingeuza katikati ya uongo ule?

Bintisoko:
Mkuu, ile ilikuwa kama asilimia 1. Amri ya asilimia 5 isingeguswa, labda kwa hisa inayoyumba sana.

Siku ya kukupa wasiwasi ni 6 Mei 2010. Dow ilishuka karibu pointi 1,000 na sehemu kubwa ikarudi ndani ya dakika chache. Hisa za kampuni ya Accenture, zilizokuwa kwenye dola 40 hivi, kuna zilizouzwa kwa senti 1! Elewa hapa: amri ya kawaida bei ikiigusa hugeuka "uza kwa bei yoyote iliyopo". Wanunuzi wakikimbia, unauziwa popote. Mauzo yaliyokuwa mbali na bei ya awali kwa zaidi ya asilimia 60 yalifutwa baadaye, lakini aliyeuziwa kwa hasara ya asilimia 30 hakurudishiwa kitu.

Mwambie dalali aweke na bei ya chini kabisa unayokubali. Ubaya wake, bei ikiruka chini ya hapo hisa hazitauzika.

Mzee wa Gawio:
Na kununua kwa habari ni hivyohivyo. Tarehe 7 Januari 2021 Elon Musk aliandika watu watumie Signal, ile programu ya ujumbe. Signal ni ya taasisi isiyouza hisa. Watu wakavamia Signal Advance, kampuni ndogo ya Texas isiyohusika kabisa, ikatoka chini ya dola 1 hadi zaidi ya dola 38 ndani ya siku chache. Kampuni ya watu imekaa zake kimya, imeamka tajiri! Soma jina la kampuni mpaka mwisho, ndugu yangu.

Kibarua wa Soko:
Hujasema jambo kubwa. Ada inatakiwa lini? Ikiwa ni mwakani, toa hela hizo polepole sasa, amri haitakusaidia.

Mtunzahisa:
Ya mkubwa ni mwakani, ya mdogo bado miaka sita. Basi nauza za mkubwa, za mdogo naziacha bila amri. Bintisoko, nikija kubadili mawazo, ile amri ya bei ya chini kabisa dalali anaiwekea muda wa kuisha?

Bintisoko:
Ndiyo. Kwa madalali wengi, usipotaja inaisha siku ileile soko likifungwa. Muulize kabla hujaiweka.