Barafu za ubuyu: ngumu kama jiwe, na tui linapanda juu. Kosa liko wapi?

Mwanakaskazi:
Habari zenu wadau. Joto la kaskazi limepamba moto na watoto wanadai barafu kila wakitoka madrasa. Vipimo ninavyotumia: ubuyu wenye mbegu gramu 250, maji lita moja na nusu, sukari nusu kikombe, tui la nazi moja, iliki. Vyote vinachemshwa pamoja, vinapoa, vinatiwa kwenye vifuko. Zikiganda, juu kuna utando mweupe wa mafuta, chini ni ngumu hazilambiki, na ukinyonya mara tatu ladha yote imekwisha, imebaki barafu nyeupe. Nirekebishe nini?

Mtwangio:
Mkuu, anza na sukari. Nusu kikombe ni kama gramu 100, na kwa maji hayo ni kidogo mno. Kazi yake si utamu peke yake: ndiyo inayozuia maji yasigande yote, ikaacha majimaji mazito katikati ya chembe za barafu, na hapo ndipo ulaini unapotoka. Weka gramu 170 hadi 200 kwa kila lita ya mchanganyiko uliokamilika, tui likiwemo. Ukionja kabla ya kugandisha uone ni tamu kupita kiasi, kwa sababu ulimi uliopata baridi hausikii utamu vizuri. Usivuke gramu 250 lakini. Friza ndogo itashindwa na barafu zitabaki tepetepe.

Ladha kuisha mapema ni dalili ya chembe kubwa za barafu. Ukinyonya, sharubati inatoka kwanza na maji matupu yanabaki.

Na ubuyu uwe ule mweupe mkavu, si uliokwisha kupikwa na sukari na rangi.

Kifuu:
Mtwangio kasema kweli kuhusu sukari, ila kosa lililoharibu zaidi ni kuchemsha tui pamoja na ubuyu. Ubuyu ni mchachu, na uchachu ukikutana na moto hukatisha tui. Likishakatika hata ukoroge mpaka magharibi halirudi.

Ubuyu hauhitaji jiko. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, mimina juu ya ubuyu, acha nusu saa. Fikicha kwa mkono safi mpaka mbegu zibaki tupu, chuja kwa chujio la matundu madogo. Usiyaruke hayo maji ya kuchemsha: baridi ya friza haiui vijidudu vya maji machafu, inavilaza tu.

Katika yale maji ya kuchemsha, kabla ya kuyamimina kwenye ubuyu, uwe umetoa kikombe kimoja; kikipoa, koroga humo vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano, ongeza sukari na chumvi kidogo, kisha pika moto mdogo huku unakoroga mpaka upate uji mwepesi usionuka ubichi. Huu uji ndio unaoshika tui lisielee na unafanya chembe za barafu ziwe ndogo. Ukipoa kabisa, changanya na ubuyu, kisha tia tui zito na iliki mwishoni. Tui lisitoke kwenye friji, maana mafuta ya nazi huganda kwenye baridi na utapata vipande vyeupe. Piga kwenye blenda nusu dakika, mimina papo hapo kwenye vifuko.

Fundi_Baridi:
Mapishi yakiwa sawa, friza nayo inaweza kuharibu. Barafu inayoganda polepole ndiyo yenye chembe kubwa. Poza vifuko vilivyojazwa kwenye friji kwanza, kisha vilaze ndani ya friza safu moja kwenye sinia la bati, visipandane. Ukijaza vifuko 40 vya vuguvugu kwa mara moja, vya katikati vitachukua usiku mzima.

Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, kwa hiyo acha vidole viwili juu ya kifuko kabla ya kufunga fundo, la sivyo kitapasuka. Tumia faneli, mdomo wa kifuko ukilowa sukari, fundo linateleza na kuvuja.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Zikishayeyuka na kuganda upya zinarudi kuwa jiwe, hata ungeweka uji kiasi gani.

Mwanakaskazi:
Ahsanteni sana. Na za ukwaju nazo zinataka uji?

Kifuu:
Hapana, ukwaju uache mwepesi. Gramu 200 kwa lita moja ya maji ya moto, loweka saa moja, fikicha, chuja mara mbili maana nyuzi zake zinaudhi mdomoni. Sukari gramu 200, chumvi ncha ya kijiko, pilipili manga kidogo. Tui usitie kabisa. Zikikaribia kushika, kama saa moja na nusu hivi, zibinye kwa vidole kuvunja chembe halafu ziache zimalizie kuganda.