Naombeni ushauri: pendekezo la biashara linaanza na kushtakiwa

Wakuu habari za jioni, nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, sasa kuna jamaa kaniletea pendekezo tupeleke mzigo Kongo, bei nzuri na gari analo, ila ukurasa wa kwanza kabla hata ya kutaja gunia moja kaandika "ukikiuka chochote utashtakiwa mara moja". Kipengele cha migogoro lazima kiwepo najua, ila mikataba niliyozoea kinakaa mwishoni, mnaanza kukaa mezani, halafu msuluhishi, mahakama baadae. Huyu hatujapima hata kilo kashanikunja shati, na gari lake likichelewa dagaa wakalowa mvua nani analipa hajaandika popote. Moyo umesita kweli. Nimwambie aandike upya au niachane nae? Anataka jibu Ijumaa.