Maria na Mtoto kwa rangi ya yai: buluu inabanduka, uso umebaki kijani

mchora_kadutu: Jambo wandugu. Hapa Bukavu tunanakili Maria na Mtoto ya mchoraji Mwitalia Filippo Lippi, ile ya makumbusho ya Uffizi, Florence, yenye malaika wawili, kwa ajili ya kikanisa cha shirika. Ubao ni sm 60 kwa 40, umepakwa rangi nyeupe ya ukuta mara tatu, kisha rangi ya yai, yaani unga wa rangi uliochanganywa na kiini cha yai. Siku kumi tu, vazi la buluu linabanduka kama maganda. Uso nao, uliopakwa kijani kwanza, unaonekana wa mgonjwa. Kosa liko wapi?

fundi_bagira: Kosa ni ile rangi ya ukuta. Ina plastiki, hainyonyi, na yai halishiki pasiponyonya. Kwangua yote. Loweka gundi iliyotengenezwa kwa ngozi ya wanyama usiku kucha, sehemu 1 kwa maji 10, halafu ipashe kwenye sufuria iliyokalia maji ya moto. Isichemke, itapoteza nguvu. Paka ubao mbele na nyuma; ukipaka upande mmoja utapinda. Ukikauka, changanya gundi na unga laini wa chaki, paka tabaka 6 hadi 8, maliza kwa msasa. Angalia sana hili: maji yaliyo ndani ya gundi yanapungua sufuriani na gundi inakolea yenyewe. Tabaka la juu likiwa na gundi kali kuliko la chini, linajikunja na kulipasua. Ongeza maji vuguvugu kidogo kidogo.

mama_rangi_goma: Yai pia lina adabu yake. Viringisha kiini kutoka kiganja hadi kiganja, ukifuta mkono, mpaka ute uishe. Kibane ngozi kwa vidole, kitoboe chini, kimiminike, ngozi itupe. Unga wa rangi uponde kwanza na maji, kisha tia kiini kiasi kilekile. Jaribu kwenye kioo: ikikauka, kwangua kwa wembe. Ikitoka utepe, sawa. Ikitoka vumbi, yai halitoshi.

ibanda_sanaa: Uso usiufute. Kijani ni cha chini tu, kiwe chepesi. Tazama picha ya Michelangelo iitwayo Maria wa Manchester, iliyoko London: haikumalizika, na malaika wawili wa kushoto wamebaki na kijani kitupu. Juu yake huja waridi na nyeupe kwa mistari myembamba kama nywele, tabaka kwa tabaka, kijani kikiachwa kwenye vivuli, chini ya kidevu na pembeni mwa pua. Nyeupe tumia ya madini ya titani. Ile ya madini ya risasi waliyotumia wachoraji wa zamani ni sumu.

mchora_kadutu: Aksanti sana. Je, buluu haitageuka kijani kwa sababu ya umanjano wa kiini?

mama_rangi_goma: Hapana, umanjano huo hupauka kwa mwanga baada ya muda mfupi.