Ilimba nimejifunza YouTube, nikikaa na wenzangu napotea

Kijana wa Nkuhungu
Habarini wakuu. Niko hapa Dodoma mjini, nina ilimba (ile marimba ya Kigogo ya kupiga kwa vidole gumba) nilinunua mwaka jana na tangu hapo najifunza kwa video tu, usiku peke yangu ghetto. Nyimbo tatu nazipiga fresh kabisa ila juzi nikaalikwa kwenye ngoma huko Bahi, aisee nilipotea palepale, wale wanaimba huku wanapiga na kila mtu ana chake, sikujua niingilie wapi. Halafu yangu inalia kavu, za kwao zinavuma kama nyuki. Nikomae na video au?

Mpiga Zeze
Mdogo wangu video inakuonyesha vidole vya mtu mmoja, muziki wa Kigogo haukai kwa mtu mmoja. Ilimba moja inashika mwendo, nyingine inajibu pale ilipoachiwa nafasi, zeze inapita juu, watu wanaitikia kwa sauti tofauti tofauti, sasa hizo nafasi utazisikiaje ukiwa chumbani? Mimi babu alinikalisha msimu mzima bila kugusa zeze, napewa kayamba tu, nikitoka kwenye mwendo ananigonga na goti. Nililia kwakweli. Ila siku naishika zeze mwili ulikuwa umeshajua. Hata marehemu Hukwe Zawose, yule gwiji wa muziki wa Kigogo, alianzia kwa baba yake.

Mama Chamwino
Huo mlio mwanangu angalia matundu ya kwenye ubao, lazima yazibwe na utando wa buibui, sio ule wa kunasia nzi, ni ule mweupe mgumu kama karatasi anaotagia mayai, upo sana kwenye kuta za udongo. Mimi muheme, ngoma yetu ya wanawake wa Kigogo, nimeanza kwa kumbebea mama ngoma, ye anaibana mapajani anapiga mi nipo pembeni napiga makofi, hakuna siku aliniambia leo nakufundisha. Njoo Chamwino, toka mjini ni kama kilomita 30, wapigaji wapo na kuna kituo cha sanaa.

Kijana wa Nkuhungu
Daah utando nimeuona nyuma ya mlango sasa hivi! Asante sana mama, shikamoo. Jumamosi narudi Bahi kwa yule mzee, niende na nini?

Mpiga Zeze
Sukari na majani ya chai. Ukifika salimia Kigogo "mbukwa" kwanza, usikimbilie kutoa simu urekodi. Na ilimba iache home, wakikupa kayamba pokea.