Mfumo wa mauzo ya samaki: mahitaji yote kwanza, au kipande kwa kipande?

Hoja: ushirika wa wafanyabiashara wa samaki hapa Mwanza ukitaka mfumo wa kompyuta wa mauzo, stoo na hesabu, uandike mahitaji yote ndipo usaini mkataba, au ujenge kidogo kidogo?

Mhasibu, Ilemela
Mahitaji kwanza. Fedha ni za wanachama, na mkutano mkuu haupitishi bajeti isiyo na kikomo. Mahitaji, usanifu, uandikaji wa programu, majaribio, makabidhiano: kila hatua iwe na waraka uliosainiwa, malipo yafuate. Mkandarasi akiondoka katikati, anayekuja ana pa kuanzia. Ukijenga vipande bila mpango, stoo itampa mteja namba yake na hesabu itampa nyingine, kisha hakuna ripoti inayokubaliana na mwenzake.

Mchambuzi wa mifumo, Nyamagana
Dada, la namba za wateja uko sahihi. Lakini mhandisi wa programu Winston Royce, ambaye makala yake ya 1970 hutajwa kuwa chimbuko la mtindo huo wa kumaliza hatua moja ndipo uanze nyingine, uitwao maporomoko (waterfall), humo humo alionya kwamba kushuka hatua kwa hatua hivyo ni hatari: majaribio yanakuja mwisho, na kosa la usanifu linaonekana fedha zikiwa zimekwisha. Alishauri programu ya aina mpya ijengwe mara mbili, mteja apewe ile ya pili.

Chukua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Waraka unasema "uzito mara bei", na kila mtu anasaini. Kwenye mizani, dagaa huyu anauzwa kwa gunia, yule kwa ndoo, na bei ya asubuhi siyo ya mchana. Kama programu inasoma bei kwenye orodha ya bei badala ya kuinakili ndani ya kila muamala, karani akibadilisha bei saa sita, mauzo ya asubuhi yote yanageuka kwenye ripoti na fedha ya droo haioani. Kikaoni hakuna anayelitaja, maana kwa karani ni jambo la kila siku. Litajitokeza akishaanza kutumia kishikwambi. Basi wiki mbili za kwanza ziwe fomu ya mauzo tu: mizani moja, makarani wawili, daftari likiendelea sambamba, jumla zilinganishwe kila jioni.

Mtunza hifadhidata, Nansio
Wote mmesahau mtandao. Ukikatika, karani anabonyeza "tuma" tena, na muamala mmoja unaingia mara mbili. Namba ya muamala itolewe na kifaa chenyewe, na seva ikatae namba iliyokwisha kuipokea. Hili halisubiri kipande cha nne. Kubadilisha namba hizo data ikishajaa ni kubomoa msingi. Yaandikwe mapema: namba ya mteja, namba ya muamala, vipimo, na nani anaona nini, kwani majina na simu za wavuvi zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Skrini na ripoti zikue taratibu.

Mhasibu, Ilemela
Na mkataba? Nani atasema kipande kimekamilika?

Mchambuzi wa mifumo, Nyamagana
Mtu mmoja wa ushirika mwenye mamlaka, siyo kamati. Mkataba uweke bei ya juu isiyovukwa, malipo kwa kila kipande kilichokubaliwa, na kila malipo yaambatane na kukabidhi msimbo wa programu na nakala ya data.

Mhasibu, Ilemela
Kwa mauzo, sawa. Kwa hesabu bado nakataa. Daftari kuu na mizania kanuni zake zinajulikana tangu mwanzo. Inunuliwe programu iliyopo, iunganishwe na mauzo, na uunganishaji huo ujaribiwe kabla ya mwaka wa fedha kuanza.