Bunduki kwenye vumbi: ilowe mafuta au iwe kavu?

Mkulima wa Iramba: Wakuu, nina rifle ya .30-06 ya bolti, leseni ninayo. Kiangazi hiki huku Singida vumbi ni la kuchota kwa koleo. Fundi mmoja kaniambia niimiminie mafuta, mwingine kasema niifute ikauke kabisa. Nimshike nani?

Kuruta Mstaafu: Kavu. Mafuta yakikutana na vumbi ni msasa huo. JKT tulifundishwa: paka, halafu futa mpaka udhani hukupaka. Wanaoloweka bunduki ni raia waliozionea kwenye filamu.

Mtaa wa Saba: Afande, usitutishe na JKT. Wamarekani walizipima M4, bunduki za jeshi lao, kwenye vumbi pale Aberdeen, uwanja wao wa majaribio, mwaka 2007, na zilizopakwa mafuta mengi ndizo zilizovumilia. Au na wao waliziona kwenye filamu?

Kuruta Mstaafu: M4 ni ya gesi, inajikoki yenyewe. Ya mwenzetu anakoki kwa mkono, labda risasi mbili kwa mwezi. Unalinganisha pikipiki na baiskeli. Na wewe umewahi kushika hata manati?

Mtaa wa Saba: Manati nilikuwa bingwa. Jibu hoja.

Kijana wa Spea: Pulizeni WD-40, ile dawa ya kopo, mchezo umekwisha.

Bint Pangani: Marehemu babu alikuwa na bunduki ya kufukuzia nguruwe shambani. Maisha yake yote aliipaka mafuta ya nazi, na sikuwahi kuona doa la kutu.

Kijana wa Spea: Nazi?! Dada, hiyo ni bunduki au wali?

Bint Pangani: Ndiyo nyie. Kitu kikitoka pwani lazima mcheke kwanza. Hiyo dawa yako ya kopo iliundwa kufukuza maji, jina lenyewe linasema hivyo: WD ni "water displacement". Ikikauka umebaki na nini?

Baridi Makete: Dada, babu apumzike kwa amani, lakini nazi yake ailete huku mwezi wa saba. Chini ya nyuzi 24 inaganda. Ile pini badala ya kuigonga fataki, kile kiwashio cha kitako cha risasi, itaibishia hodi.

Bint Pangani: Nani kakwambia nguruwe wa Pangani wanavaa masweta?

Mzee Gobore: Mkishashiba wali, sikilizeni. Risasi za zamani, hasa zile za akiba za kijeshi, nyingi fataki zake huacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayayeyushi chumvi. Unaifunika tu, nayo inakula chuma chini kwa chini. Sisi wa gobore tunaosha mtutu kwa maji ya moto, tunaukausha, ndipo tunapaka kidogo. Na wewe Iramba, kwanza toa risasi, ichungulie chemba, pale risasi inapokaa, iguse na kwa kidole. Grisi kiasi cha punje ya mchele nyuma ya yale masikio ya bolti yanayojifunga, basi. Siku ya kupiga, chemba na mtutu vifutwe vikauke. Ganda la risasi linatakiwa liung'ang'anie ukuta wa chemba. Likiteleza, kishindo chote kinaishia kwenye bolti.

Kijana wa Spea: Mzee, hilo gobore lenyewe lina kibali?

Mzee Gobore: Lina kibali tangu hujaota meno.

Mtaa wa Saba: Tuoneshe basi.

Mzee Gobore: Nikuoneshe wewe, bingwa wa manati?

Kuruta Mstaafu: Hata hivyo mzee kasema kavu. Nilisema mimi.

Mtaa wa Saba: Kasema chemba! Kwenye masikio kasema grisi. Soma, afande, hii siyo kwata.

Baridi Makete: Grisi nayo huku inakuwa ugali. Huku mafuta mepesi tu.

Bint Pangani: Leo mmekubali kwamba hata grisi inaganda. Nazi mliicheka kurasa nzima.

Mkulima wa Iramba: Dada, hayo ya Pangani lita mnauza shilingi ngapi? Siyo ya bunduki. Mke wangu kasoma hapa begani kwangu, anasema ya kwenye kopo dukani yanachakachuliwa.

Bint Pangani: Njoo pembeni, kaka.